NGITILI, VIJANA NA FEDHA ZA MAFUNZO KATIKA NCHI YA SHINYANGA NA GEITA

Mtu asafiriye katika nchi ya Shinyanga mwezi wa Septemba, wakati jua limekwisha kausha majani na mavumbi yamefunika njia, huona huko na huko vipande vya ardhi visivyofanana na vile vinavyovizunguka. Nje ya vipande hivyo udongo u wazi, nao umekanyagwa na kwato za ng'ombe. Ndani yake mna miti, na chini ya miti mna majani marefu yaliyokauka yakiwa yamesimama. Hapana ukuta wala waya uzuiao mifugo isiingie. Kinachozuia ni mapatano ya watu tu. Mahali kama hapo Wasukuma huita ngitili.

Neno hili ni la Kisukuma, na maana yake ni mahali palipozuiwa ili majani yahifadhiwe. Desturi yenyewe ni rahisi kuielewa. Mvua za nchi hiyo huanza aghalabu mnamo Novemba na kwisha Aprili au Mei, nazo kwa kawaida ni baina ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, tena hazigawanyiki sawasawa. Mvua zinapoanza, ngitili hufungwa. Mifugo hulishwa mahali pengine ambako majani yapo tele. Kiangazi kinapofika kilele, na malisho ya nje yamekwisha, ngitili hufunguliwa, na ng'ombe wakaingia, kwanza wale wadhaifu na ndama. Ziko ngitili za jamaa moja, zenye hekta chache tu, na ziko ngitili za kijiji kizima zilizo kubwa zaidi. Zote zina kanuni moja: kuweka wakati wa wingi ili kupata wakati wa haba.

Kanuni hiyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo itakayosaidia kueleza jambo la pili, ambalo ndilo shabaha ya makala haya, yaani jinsi vijana wa nchi hiyo walivyofundishwa na wanavyoweza kufundishwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na fedha za kazi hiyo zitokako.

Jinsi nchi ilivyovuliwa miti

Shinyanga haikuwa wazi tangu zamani. Sehemu kubwa ilikuwa pori la migunga na miti mingine, na ndani ya pori walikaa mbung'o, waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Katika miaka ya utawala wa Waingereza makao ya utafiti wa mbung'o yaliwekwa Shinyanga ya Kale, chini ya uongozi wa C. F. M. Swynnerton, na njia moja kuu iliyotumiwa ilikuwa ni kufyeka. Maelfu ya watu walitoka na mashoka, wakakata pori ili mdudu akose kivuli. Kazi hiyo ilifaulu kwa shabaha yake. Mbung'o walirudi nyuma, watu na ng'ombe wakaenea. Lakini palipofyekwa hapakuachwa pumzike. Kilimo cha pamba kilipanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikazidi kuhitajiwa.

Baada ya uhuru mambo mengine mawili yaliongezeka. Mwaka 1963 cheo cha utemi kilifutwa kwa sheria, na pamoja nacho yakalegea baadhi ya mamlaka ya mila yaliyokuwa yakilinda malisho. Kisha katika miaka ya 1974 na 1975 watu wengi walihamishwa wakakusanywa katika vijiji. Mtu aliyeacha mji wake wa asili aliiacha na ngitili yake. Huko mbali hakuweza kuilinda, na aliyekuwa karibu hakuona kuwa ni yake. Hivyo ngitili nyingi zilikufa, wala si kwa sababu watu walisahau maana yake, ila kwa sababu mapatano yaliyozilinda yalikatika.

Kufikia miaka ya 1980 nchi ilikuwa imeharibika kiasi cha kuitwa Jangwa la Tanzania. Wanawake walikwenda mwendo wa saa nyingi kutafuta kuni, na walipozikosa walipikia samadi iliyopaswa kurutubisha mashamba. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru sehemu hizo, akasikitishwa na hali aliyoiona. Na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana tangu hapo kwa jina fupi la HASHI.

Mradi uliojifunza kabla ya kufundisha

HASHI ulisaidiwa kwa fedha na serikali ya Norwe kwa njia ya shirika lake la maendeleo, NORAD, na kwa utaalamu na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-mseto, ICRAF, chenye makao yake Nairobi. Hapo mwanzo mradi ulifanya kama ilivyokuwa desturi ya miradi mingi ya wakati ule. Vitalu vya serikali vilianzishwa, miche ikaoteshwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na watu wakaambiwa waipande. Matokeo hayakuridhisha. Mche uliopandwa kwa amri hunyweshwa kwa amri, na amri ikiondoka maji nayo huondoka.

Ndipo wataalamu walipowauliza wenyeji wangependa nini, na jibu likawa lile lililokuwa mbele ya macho yao: ngitili. Penye ngitili miti haihitaji kupandwa yote. Visiki na mizizi ya miti ya zamani bado i hai ardhini. Ikizuiliwa mifugo na moto, huchipua yenyewe. Kazi ya mtaalamu basi ikawa si kuleta miche peke yake, ila kusaidia mapatano yarudi. Vijiji viliunda kamati za mazingira. Sheria ndogo zilitungwa. Na mwenye kuvunja mapatano alishtakiwa mbele ya dagashida, yaani baraza la mila, huku sungusungu, wale walinzi wa vijiji waliotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, wakishika zamu ya ulinzi.

Matokeo yake yanajulikana kwa hesabu. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa hekta 600 tu kwa makadirio. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000, makadirio yalikuwa baina ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833 vya mkoa ule kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa. Uchunguzi ulioongozwa na Profesa Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kuwa faida ya ngitili kwa kila mtu ilifikia thamani ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, hali matumizi ya kawaida ya mtu wa shamba nchini yalikadiriwa kuwa dola 8.50. Faida hiyo si fedha taslimu tupu. Ndani yake zimo kuni, majani ya mifugo, nyasi za kuezekea, dawa, asali na matunda ya porini.

Nani alimfundisha nani

Ni desturi kusema kwamba katika miradi ya namna hii wageni hufundisha na wenyeji hujifunza. Habari za HASHI haziungi mkono usemi huo. Mgeni alileta fedha, vipimo, na ujuzi wa miti irutubishayo udongo kama mlusina. Mwenyeji alileta desturi iliyokwisha kujaribiwa katika ukame wa vizazi vingi. Mgeni alijifunza kuwa pori laweza kurudi bila kitalu. Mwenyeji alijifunza kupima na kuandika mipaka, kukata matawi pasipo kuua mti, na kuitumia sheria ya nchi kulinda kilicho chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikuja kufungua njia kwa kijiji kuwa na msitu wake kihalali, na kijiji kilichojua kusoma sheria hizo kilikuwa mbele ya kile kisichojua.

Tena tofauti za mila hazikuwa baina ya Mzungu na Mwafrika tu. Nchi hiyo ina Wasukuma wengi, lakini wamo pia Wataturu, ambao ni wachungaji wa asili, na upande wa Kahama na Geita wamo Wasumbwa, Wazinza na Walongo, hao wa mwisho wakiwa mashuhuri zamani kwa ufuaji wa chuma. Bwana misitu naye mara nyingi alitoka mkoa mwingine kabisa. Walipokutana watu hawa wote katika mafunzo, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kikapata faida. Neno ngitili limeingia katika maandishi ya serikali na ya vyuo, likatumika hata kwa watu wasiojua Kisukuma. Vivyo hivyo sungusungu. Kwa upande wa pili, neno tabianchi, lililoundwa kwa kuunganisha tabia na nchi, limekwenda vijijini kutoka mijini. Mwalimu aliye hodari haliachi peke yake. Hulieleza kwa mambo ambayo mzee amekwisha kuyaona: mvua iliyozoeleka kuanza Novemba ikichelewa, kisha ikinyesha kwa siku chache kwa nguvu nyingi, na kukatika mahindi yakiwa yanatoa maua. Neno jipya lisilofungwa kwenye jambo la zamani hukaririwa tu, wala halieleweki.

Kuhusu vijana, mila ya Kisukuma ilikuwa na chombo chake. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wa kazi, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale, wingi wake basumba batale, yaani kijana mkubwa. Yeye ndiye aliyewaita wenzake kulima shamba la mwenye kuhitaji msaada, akapanga zamu, akawaadhibu wavivu. Kulikuwako pia vyama vya ngoma, hasa Bagika na Bagalu, vilivyoshindana kwa nyimbo na michezo baada ya mavuno. Hivyo kijana wa Kisukuma hakufundishwa darasani peke yake. Alifundishwa kazini na uwanjani, mbele ya macho ya watu. HASHI nao ulipotumia michezo ya kuigiza na picha za sinema kueneza mafundisho yake, ulikuwa ukipita katika njia iliyokwisha kuzoewa.

Fedha zilipokwisha

Msaada wa Norwe kwa HASHI ulikoma mwaka 2004, baada ya miaka 18 ya mradi. Kituo cha serikali cha misitu na kilimo-mseto kilibaki Shinyanga kuendeleza utafiti, lakini mradi kwa ukubwa wake wa zamani haukuwapo tena. Hapo ndipo lilipozuka swali lililo kubwa kuliko hesabu ya hekta: ni kitu gani hubaki fedha za mgeni zinapoondoka?

Jibu ni kwamba kilichokuwa kimefungwa na mapatano kilibaki, na kilichokuwa kimefungwa na posho hakikubaki. Ngitili ya jamaa iliyokuwa ikilisha ndama wa jamaa hiyo haikuhitaji mfadhili ili iendelee kufungwa. Bali mafunzo yalihitaji. Safari ya kijiji kimoja kwenda kutazama kazi ya kijiji kingine ina gharama ya gari na chakula. Kitabu kina gharama ya kuchapwa. Mwalimu ana gharama ya kuishi. Na mafunzo yana sifa moja isiyo ya miti: mti ukisimama hukua wenyewe, lakini maarifa hufa pamoja na aliyeyajua, yasipopewa kijana. Mtu aliyefundishwa na HASHI mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 30 leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60. Ngitili yake yaweza kugawanywa na watoto wake, na kila sehemu ikawa ndogo mno kulisha ng'ombe hata mmoja. Mtoto asiyejua kwa nini pale palizuiwa ataona kuwa ni ardhi iliyolala bure, naye atailima au ataikata mkaa.

Njia iendayo Geita

Watoto wengi wa wazee hao hawako tena malishoni. Wameifuata dhahabu. Geita iligunduliwa kuwa na dhahabu tangu wakati wa Wajerumani. Mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi mpaka ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa kabisa nchini. Bulyanhulu ulianza mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili katika nchi ya Kahama. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa wake yenyewe, na Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga, ikaingizwa humo.

Pembeni mwa migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, kama wale wa Rwamagasa na Nyarugusu. Maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia, huegemezwa kwa magogo waitayo matimba, ili udongo usiwaangukie. Kila duara jipya ladai miti mipya. Na mji unaokua karibu na machimbo wadai mkaa. Zebaki itumikayo kunasa dhahabu humwagika katika maji, na ijapokuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kuipunguza, mkataba hauwezi kumwonyesha kijana njia nyingine isipokuwa yuko mtu wa kumfundisha. Kwa hiyo mafunzo ya tabianchi katika nchi ya dhahabu hayawezi kuwa ya wakulima tu. Mchimbaji anayenunua matimba na mchungaji mwenye ngitili wamefungwa kamba moja, ingawa hawajuani.

Basi fedha ziko wapi? Kwa sheria ziko mahali pawili karibu zaidi kuliko Norwe. La kwanza, mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliyataka makampuni ya migodi yapatane kila mwaka na halmashauri juu ya mpango wa huduma kwa jamii. La pili, sheria ya mwaka 2018 iliilazimu kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu wa mikopo ulisimamishwa mwaka 2023 ili utazamwe upya, ukarejeshwa mwaka 2024.

Lakini kila chanzo kina ugumu wake. Mpango wa huduma kwa jamii huelekea kwenye vitu vionekanavyo: darasa, zahanati, taa za barabarani. Vitu hivyo vyahitajiwa, na hapana awezaye kuwalaumu madiwani kwa kuvitaka. Ila darasa huzinduliwa kwa utepe, na mafunzo hayana utepe wa kukatwa. Mkopo nao hudai biashara irudishayo fedha upesi, ambapo mti haurudishi kitu upesi. Kikundi cha vijana kikikopa kwa kufuga nyuki ndani ya ngitili, chaweza kulipa. Kikikopa ili kijifunze tu, hakiwezi. Kwa sababu hiyo yafaa mkopo na mafunzo visitengane: mafunzo yalipiwe na mpango wa migodi, na kazi itokanayo na mafunzo ipewe mkopo wa halmashauri.

Mifano ya kwingine

Iko mifano inayoonyesha kuwa mafunzo ya vijana hayahitaji kuanza kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 wasomaji wa gazeti moja la Uswidi liitwalo Vi walianza kuchanga fedha kwa ajili ya kupanda miti magharibi mwa Kenya. Kazi hiyo ikakua, ikavuka mpaka, ikafika mikoa ya Tanzania iliyo kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtaalamu wa sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake Dar es Salaam; kutokana na mkutano huo ukazaliwa umoja wa vijana wa Roots & Shoots, ambao sasa una vikundi katika nchi nyingi za dunia. Katika mifano yote miwili fedha zilifuata watu waliokwisha kukubaliana kufanya kazi. Watu hawakuitwa kwa ajili ya fedha zilizokwisha kutengwa.

Shinyanga na Geita wana jambo ambalo wengi hawana, nalo ni kwamba kitu cha kufundishia kipo tayari. Ngitili ni darasa. Kijana wa Geita aweza kupelekwa kukaa mwezi mmoja na jamaa yenye ngitili, ajionee jinsi mti unavyokatwa matawi ya matimba bila kuuawa. Na kijana wa Shinyanga aweza kwenda Geita kujionea bei ya gogo na sababu ya bei hiyo. Gharama ya kubadilishana namna hiyo ni nauli na chakula. Mnyororo wa basumba batale, ukihuishwa kwa namna ifaayo siku hizi, ukawaingiza na wasichana ambao umoja wa zamani haukuwaweka mbele, waweza kuusimamia kuliko ofisi ya mbali.

Lililobaki ni wakati. Dhahabu haioti tena ikishachimbwa. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009, ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021, baada ya miaka 12 tu. Iliyo wazi leo nayo itafungwa siku moja. Kwa hesabu ya mfugaji wa Kisukuma, miaka ya mgodi ni miaka ya masika: malisho ni tele, na ndiyo saa ya kufunga ngitili. Halmashauri iwekayo kila mwaka fungu dogo la mapato ya madini kwa mafunzo ya vijana, likaandikwa katika sheria ndogo ili lisiguswe kwa haja nyingine, itakuwa imefanya kwa fedha kile ambacho baba zao walifanya kwa majani. Isiyofanya hivyo itafika kiangazi ikiwa na mashimo yasiyo na dhahabu, milima isiyo na miti, na vijana wasiojua ya kuwa pori hurudi likizuiliwa. Akiba haioz​i, husema Waswahili. Lakini akiba ya maarifa huoza isipotumiwa, na ghala lake ni kijana.